Nahodha Asiyekosea

Kila nikikifungua kitabu cha mdogo wangu, nasinzia. Nalisema kwa aibu, kwa sababu mimi si mtu wa kusinzia. Shule zinapokaribia kufunguliwa nakaa kwenye cherehani kutwa nzima na macho yangu hayalalamiki. Nimeuguza watu, nimekesha kwenye misiba. Lakini nikifika pale kwenye kitabu ambapo injini ya chombo cha angani inaelezwa kipande kwa kipande, kichwa kinakuwa kizito, na nikishtuka nakuta kidole changu bado kiko kwenye mstari uleule.

Hakuna aliyekingoja kitabu hicho kwa hamu kuliko mimi. Mdogo wangu ni mwalimu wa fizikia. Alisomea ualimu pale Butimba, akapangiwa sekondari moja nje kidogo ya mji, na kwa miaka mingi amekuwa akiandika baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Alikuwa akiniambia kwamba anaandika hadithi ya kisayansi, si kitabu kimoja bali vitano vinavyofuatana, na kwamba kwa Kiswahili hakuna aliyewahi kuandika kitu kama hicho kuhusu ziwa letu. Mimi niliishia kidato cha pili. Sikuwa na namna ya kujua kama ni kweli hakuna aliyewahi. Niliamini.

Na nilikuwa na sababu ya kuamini. Alipokuwa mdogo, tulikuwa tunakwenda kufua ziwani, kwenye yale mawe makubwa ambayo jua likiyapiga nguo inakauka kabla hujamaliza inayofuata. Yeye hakupenda kufua. Alikuwa anakaa juu ya jiwe anatusimulia, mimi na mdogo wetu wa mwisho, habari za mtambo uliozama chini ya maji, unaonyonya ziwa taratibu usiku na mchana, na watu wawili waliojua siri hiyo lakini kila mmoja anataka amwuze mwenzake kwanza. Watu wa hadithi zake walikuwa wabaya kweli. Waliibiana chakula, walitukanana, mmoja alimwacha ndugu yake ndani ya bomba akafunga mfuniko. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anakataa kuingia majini kusuuza. Mimi nilipiga kelele, "Hebu fueni nyie!" huku na mimi nikitaka kujua kama yule wa ndani ya bomba atatoka.

Kwa hiyo siku alipokuja kibarazani kwangu Mkuyuni na boksi la vitabu begani, nilizima cherehani. Alikata gamtepu kwa mkasi wangu wa kitambaa, jambo ambalo hakuna mtu mwingine angelifanya akabaki salama, akanipa nakala ya juu kabisa. Ilikuwa bado inanuka gundi. Ndani, kabla ya hadithi, kulikuwa na maneno mawili matatu ya kunitunukia mimi kitabu hicho. Nililia pale pale mbele ya wateja. Sijalia tena kwa sababu ya kitabu hicho.

Uzinduzi ulifanyika kwenye uwanja wa kanisa, Jumapili baada ya misa. Tulikodi turubai na viti, kwaya ikaimba, mkuu wa shule anayofundisha akasema kijana huyu ni hazina. Mimi nikaitwa kama mzazi. Nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza tu, na ukurasa wa kwanza ni mzuri, sitaki kumwonea: ziwa limekauka, na kutoka Mwanza hadi Bukoba mtu anatembea kwa miguu juu ya tope lililopasuka, akipita kando ya meli zilizolala ubavu. Nilisimama na kipaza sauti nikasema, "Kitabu hiki ni kizuri sana. Nunueni wote." Wakanunua. Yeye alikuwa amekaa mbele, amevaa suti niliyomshonea mwenyewe, ananiangalia kama mtoto anayengoja kuambiwa amefaulu.

Kisha nikaanza kusoma.

Baada ya ziwa kukauka, watu wanaamua kujenga chombo juu ya vilima vya mawe ili waende sayari nyingine yenye maji. Sawa. Wanakijenga. Tunaelezwa bati lake, nati zake, hewa inavyosafishwa, mkojo unavyochujwa ukawa maji ya kunywa. Wanachagua watakaoondoka. Wanagawana vyumba. Wanafanya mazoezi. Kuna siku mtungi mkubwa wa hewa unapasuka, nikakaa vizuri kwenye kiti, lakini ukurasa uliofuata nahodha alikuwa ameshauziba. Ukurasa wa mwisho kabisa, nahodha anabonyeza kitufe, injini inawaka. Mwisho wa kitabu cha kwanza. Hawajainuka hata futi moja.

Mdogo wetu wa mwisho ana saluni ya kusuka karibu na kwangu. Alikuja siku moja kujaribu gauni la harusi ya rafiki yake, na nilipokuwa nimeshika pini mdomoni akaniuliza bila kunitazama:

"Dada, umefika wapi kwenye kitabu?"

Nikatoa pini. "Wanajiandaa."

"Mimi nimeruka mpaka mwisho. Bado wanafunga mizigo!"

"Nyamaza."

"Hao hata basi la Bukoba lingeshawaacha."

Nilicheka mpaka nikamchoma na pini ubavuni, na nilipomaliza kucheka nikajisikia vibaya, kana kwamba kaka yake alikuwa nyuma ya pazia anatusikiliza. Nikamwambia, "Lakini tusimwambie." Akanijibu haraka, "Nani amwambie? Mimi? Nimeshamwambia ni kizuri."

"Na mimi nimesema hivyohivyo."

"Basi yameisha."

Hayakuisha. Mama mmoja anauza dagaa meza ya pili kutoka kibarazani kwangu. Alikuwa amenunua kitabu siku ile ya uzinduzi kwa heshima yangu, akampa mwanawe ambaye anaendesha bodaboda na hupenda kusoma anapongoja abiria. Asubuhi moja aliniletea sketi ya kupunguza kiuno, na kitabu kikiwa ndani ya mfuko uleule.

"Fundi, usinichukie," akasema. "Mwanangu kanirudishia. Anasema ndani ya chombo kizima hakuna hata mtu mmoja mwenye wivu."

"Kwani lazima wawe na wivu?"

"Mimi sijasoma, namnukuu yeye. Anasema watu mia tatu wamefungiwa pamoja, maji wanapimiwa kwa kikombe, na hakuna aliyeiba? Sisi hapa bomba likikatika siku mbili tu tunatukanana matusi ya nguoni!"

"Mwambie mwanao aandike cha kwake tuone."

"Haya, fundi, haya. Nipimie basi kiuno."

Nilimpima kwa hasira, nikamkaza futi kamba mpaka akalalamika. Nilimtetea mdogo wangu kama ambavyo nimemtetea siku zote. Lakini mama yule alipoondoka nilikiokota kile kitabu kilichorudishwa, nikakifungua katikati, nikasoma mahali ambapo nahodha anapita vyumbani kukagua watu wake.

Nahodha ni mwanamke. Aliacha masomo mapema ili awalee wadogo zake baada ya wazazi kufa, na baadaye watu wakamchagua aongoze chombo kwa sababu ya moyo wake. Hakosei. Halali. Hapandishi sauti. Anakula wa mwisho. Nilikuwa nimeshajua kwamba ni mimi, mtu yeyote anayetufahamu angejua, na nilikuwa nimeona aibu tamu, ile ya mtu kusifiwa mbele za watu. Lakini siku ile sikumwangalia nahodha. Niliwaangalia wanaomjibu. Anauliza, "Mnaendeleaje?" Wanajibu, "Tuko salama, Nahodha. Hatuna shida yoyote. Tunashukuru." Chumba kinachofuata, tena. Mzee mmoja ambaye ametoka kumwacha mke wake kwenye tope anaulizwa kama ana la kusema, naye anasema yuko salama na anashukuru.

Majibu hayo niliyajua. Niliyatunga mimi.

Wazazi wetu walipofariki, mmoja akimfuata mwenzake, ukoo ulikaa siku ya kumaliza msiba kama ilivyo desturi, kujadili nani abaki na nani. Mdogo wangu alikuwa ameshapangiwa kwenda kwa baba mdogo, wa mwisho kwa shangazi yetu anayeishi Bujora. Mimi nilisema hapana. Nilisema mbele ya wazee kwamba hawa watalala nyumba moja na mimi nitaacha shule. Wakabishana, wakakubali kwa sharti: shangazi atakuwa anakuja kutuangalia, na akiona watoto wanateseka, atawachukua.

Shangazi alikuwa mtu mwema. Alikuja na gunia la matobolwa, viazi vile vilivyochemshwa na kukaushwa, na alikuwa anamwita kila mtoto pembeni peke yake. "Mnakula? Dada anawapiga? Hamtaki kuja kwangu?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini kila nikisikia anakuja, mimi niliwapanga wale wawili mbele yangu kama darasa na kuwafundisha. Akiuliza hivi, mnasemaje? Tuko salama, shangazi. Akiuliza chakula? Hatuna shida yoyote. Mwisho mnasema nini? Tunashukuru. Tulirudia mpaka yakawa yanatoka yenyewe. Hata siku tuliyokuwa tumekunywa uji mtupu tangu jana, yalitoka.

Hivyo ndivyo tulivyobaki pamoja. Silijutii hilo, na kama ukoo ungekaa tena kesho ningefanya vilevile. Ila shangazi aliacha kuja kutukagua zamani, wakati wale wawili walipokuwa wakubwa, na hakuna aliyetuambia kwamba sasa tunaweza kuacha. Tuliendelea. Mmoja akiugua anasema yuko salama. Ndoa ya mdogo wetu wa mwisho ilipoyumba tulijua kwa majirani. Kwenye nyumba yetu hakuna aliyewahi kusema kitu ni kibaya: chakula, nguo, mchumba, kitabu. Na mtoto yule aliyekuwa anawafungia watu ndani ya mabomba alikua akawa mtu mzima anayeandika kurasa mia tatu bila mtu hata mmoja kulalamika.

Tangu siku hiyo nilishindwa kukiona kitabu kama kitabu kibovu tu. Kila ubovu wake niliuona una mkono wangu, kama ninavyoweza kutambua mshono wangu kwenye shati la mtoto anayepita barabarani.

Wakati huohuo mdogo wangu alikuwa ameshamaliza cha pili. Alinipigia simu katikati ya wiki.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hujambo?"

"Niko salama. Jumapili nakuja, nataka tuzungumze. Cha pili kimekwisha. Mchapaji anasubiri neno langu, na mimi nasubiri lako."

"Langu la nini?"

"Dada, wewe ndiye mwenye hivi vitabu. Ukisema niendelee, naendelea mpaka cha tano. Ukisema basi, naacha, nafundisha watoto wa watu. Sitaumia."

Alisema sitaumia kwa sauti ileile ya kusema yuko salama. Nilikaa na simu mkononi. Nikimwambia endelea, atatumia miaka yake iliyobaki ya ujana kuandika vitabu vitatu vingine vya watu wanaoshukuru, na watu watavinunua kwa kunionea aibu mimi, na kuvirudisha kama mama wa dagaa. Nikimwambia ukweli, ataacha. Namfahamu. Nikimwambia aache kitu anaacha. Ndivyo nilivyomlea. Aliwahi kuacha kucheza mpira kwa sababu nilisema viatu vinaisha, na hakugusa mpira tena. Kuandika ndicho kitu pekee alichowahi kukitaka bila mimi kumwambia akitake, na sasa alikuwa amekileta mwenyewe, amekiweka mikononi mwangu.

Jumapili ile nilipika sato wa kukaanga na ugali, na mdogo wetu wa mwisho alikuja pia. Tulikula tukizungumza mambo mepesi, ya mvua, ya walimu wenzake. Mdogo wangu alikuwa ameweka bahasha nene juu ya kabati, na hakuna aliyeitazama. Tulipomaliza, mdogo wetu wa mwisho akaanza kuosha vyombo pale mlangoni, na yeye akaishusha bahasha, akaiweka mezani, akatoa kalamu mfukoni kama anayeanza kipindi.

"Haya, dada. Neno lako."

"Cha kwanza sikukipenda."

Vyombo vikanyamaza kule mlangoni.

Hakukasirika. Alifungua kifuniko cha kalamu. "Sehemu gani hukuipenda?"

"Watu wake."

"Watu wana nini?"

"Hawana kitu. Ndiyo shida yenyewe."

Akaandika jambo pembeni mwa bahasha, sijui nini. "Na nahodha?"

"Huyo ndiye mbaya kuliko wote."

Akaiweka kalamu chini taratibu. "Dada. Nahodha ni wewe."

"Najua ni mimi. Ndiyo maana nakuambia. Mimi sikuwa vile. Nilikuwa sina subira, nilikuwa na mdomo, nilikuwa nawachapa kwa ufagio."

"Sikumbuki."

"Unakumbuka."

"Sikumbuki, dada!"

Kule mlangoni mdogo wetu wa mwisho akacheka, kicheko kile cha mtu anayejaribu kukizuia kwa mkono wenye povu. "Si ulikuwa unamwita Mkuu wa Gereza."

Nikageuka. "Nani?"

"Wewe! Yeye ndiye alikupa hilo jina. Ukitoka tu kwenda kushona, anasema, haya wafungwa, Mkuu wa Gereza ameondoka, tupike mayai."

"Mlikuwa mnapika mayai?"

"Tulikuwa tunazika maganda nyuma ya jiwe."

Nilitaka kucheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilitaka kucheka, kwa sababu miaka yote hiyo nilidhani ndani ya nyumba yangu hakuna aliyewahi kuninung'unikia, kumbe walikuwa na nchi yao nzima nyuma ya jiwe. Lakini nilimwangalia mdogo wangu, na uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa anamwangalia yule wa mlangoni.

"Na wewe," akamwambia. "Wewe ulikipenda?"

"Mimi?" Akajifuta mikono kwenye kanga. "Mimi nilifika katikati."

"Uliniambia umekimaliza. Ulisema ulilia mwishoni."

"Nilikuonea huruma, kaka."

"Huruma!"

Alisimama. Sijawahi kumwona akisimama namna ile. "Kwa hiyo mlijua. Nyote wawili. Nimesimama kwenye uwanja wa kanisa, nimekwenda na hicho kitabu shuleni, wanafunzi wakawa wanacheka nyuma ya darasa, nikasema ni watoto. Mtu suruali imechanika nyuma, mji mzima unaona, ndugu zake wanamwambia umependeza! Na wewe ni fundi, dada. Fundi!"

"Ndiyo maana sasa nakwambia."

"Sasa! Sasa ndiyo unasema!" Mama wa dagaa anakaa nyumba ya jirani, na nina hakika alisikia yote, kwa sababu redio yake ilizimwa. "Unataka niandike nini? Niandike dada yangu alikuwa mkuu wa gereza? Watu wasome, waseme yule pale fundi wa Mkuyuni, alikuwa anawatesa yatima? Hilo ndilo unalotaka?"

"Andika."

"Siandiki!"

"Basi andika unachotaka, lakini wawe watu. Waache waseme wana njaa. Waache wamchukie huyo nahodha. Hata mimi namchukia."

"Humjui wewe huyo nahodha!" alisema. "Nimekaa naye miaka tisa. Kuna mambo kwenye cha tatu huyajui. Kuna mambo anayafanya. Nilikuwa namtengeneza kwanza, watu wampende, halafu ndipo... Hujui unachokisema. Hujasoma hata kidogo vitu hivi, unakaa hapo na ugali wako unanihukumu!"

Mdogo wetu wa mwisho alisema, "Kaka!" Mimi nikamwambia amwache.

"Basi nisiulizwe," nikasema. "Kama sijui, usiniulize mimi."

"Sitakuuliza. Hutasoma tena kitu changu. Hata ukurasa mmoja."

"Lakini utaandika?"

"Hilo si shauri lako!" Alikuwa ameshaichukua bahasha. Alifika mlangoni, akaruka beseni la vyombo, akageuka. "Nitaandika. Nitaandika mpaka cha tano, mpende msipende." Akashuka kwenye ngazi za mawe kwa haraka, bila kuaga, yeye ambaye hata akienda dukani kununua chumvi alikuwa anaaga.

Mdogo wetu wa mwisho alinishika bega akaniambia atarudi tu, hasira ni za leo. Nikamwambia ndiyo. Lakini nilichokuwa nakifikiri sicho hicho. Nilikuwa nafikiri kwamba amesema hapana. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mimi nimesema jambo na yeye amesimama akasema hapana, na hakuangalia kwanza usoni kwangu kama inaruhusiwa.

Ningependa kusema kwamba nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa kukunja kitambaa cha meza. Baadaye nilipokaa peke yangu niliona mambo mengine. Niliona kwamba nilipotamka maneno yale, huyo ndiye mbaya kuliko wote, nilipata nafuu kifuani, kama mtu anayevua nguo iliyombana siku nzima. Na nafuu ile haikuwa ya kwake. Ilikuwa yangu. Mtoto aliyenyimwa mama na baba alikaa miaka tisa akinitengenezea sanamu, akaisafisha kila kasoro, akanizikia maganda yangu yote nyuma ya jiwe, na mimi nikaisukuma ikaanguka kwa sababu ilinichosha kuitazama. Huenda kitabu kilikuwa kibovu. Kilikuwa kibovu, narudia. Lakini sijui mpaka leo kama nilimwambia kwa ajili yake au kwa ajili yangu, na kila nikijaribu kujibu, mkono unakwama kama uzi uliojiviringa chini ya sindano.

Pia ninafikiri juu ya lile alilosema, kwamba kuna mambo anayafanya nahodha kwenye cha tatu. Labda alikuwa na mpango. Labda alihitaji vitabu viwili vya kumpenda ili cha tatu kije kuuma, na mimi sikuwa na subira ya kungoja, mimi niliyewaambia watoto kila siku wangoje. Jambo hilo linaniuma kuliko yote. Sitalijua kamwe, kwa kuwa nimekatazwa kusoma.

Mchapaji hakupelekewa cha pili. Nililisikia hilo kwa mdogo wetu wa mwisho, ambaye anakwenda kwake kila baada ya wiki mbili kumpelekea samaki. Alisema mara ya kwanza alimkuta amerudi kwenye kile cha kwanza, nakala ile ile ya uzinduzi, ameichana kurasa zake na kuzitandaza sakafuni chumba kizima, na anazipita kwa miguu mitupu, kalamu nyekundu mkononi. Mara ya pili hakumruhusu kuingia chumba hicho, akapokea samaki mlangoni.

Mimi nampigia simu. Anapokea, anasema shikamoo, namwambia marahaba, ananiuliza kazi, namwuliza shule. Jana nilimwuliza anaendeleaje, akasema, "Nimechoka, dada. Na mgongo unauma." Nikamwambia apakae dawa. Sijazoea kujibiwa hivyo.

Jumapili hii mdogo wetu wa mwisho alikuja peke yake tena. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni akichambua mchele, na mimi nilivumilia mpaka nikashindwa.

"Amekuonyesha chochote?"

"Amenisomea kurasa kadhaa."

"Zikoje?"

"Nimekatazwa kusema."

"Sisemi uniambie hadithi. Nauliza tu kama wameondoka."

"Dada."

"Au nahodha. Niambie la nahodha tu."

Akaendelea kuchambua, akatupa jiwe dogo nje kwa kidole, na nikaona mdomo wake unajizuia.

"Dada, kuna mahali niliogopa," akasema mwishowe. "Na kuna mahali nilimkasirikia nikamwambia simama hapohapo usiendelee. Basi. Zaidi ya hapo ataniua."

"Ulimkasirikia kaka yako?"

"Nilimkasirikia nahodha."

Nikaenda jikoni kutazama moto, ingawa ulikuwa unawaka vizuri, nikasimama pale mpaka moshi ukaniingia machoni.